Fedha Zimekatwa, Kadi Ipo Mfukoni: Maswali ya Wasomaji

Barua za safari hii zimekuja kwa wingi, na karibu zote zina kilio kimoja: kuna mtu amekula fedha za mwenzake bila hata kumgusa, au amekopa kwa jina lisilo lake. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Kama umeibiwa leo hii, soma jibu la kwanza, ulifanyie kazi, kisha urudi kwa mengine.

Nimeamka nimekuta jumbe tatu za benki zinasema kadi yangu imelipa mahali nisipopajua. Kadi ninayo, sijampa mtu. Naanza na lipi?

Pole sana. Anza na kadi. Nani kakuibia na vipi utauliza baadaye. Kama una programu ya benki kwenye simu, ingia sehemu ya kadi ubonyeze kuisimamisha. Ni kazi ya nusu dakika. Usiishie hapo, piga simu benki. Kadi iliyosimamishwa kwa muda inaweza kufunguliwa tena na yeyote mwenye kuingia kwenye programu yako, na yapo malipo ya kujirudia ya kila mwezi ambayo huweza kupita hata kadi ikiwa imesimamishwa. Unachotaka wewe ni kadi ifutwe kabisa, upewe nyingine yenye namba mpya.

Namba ya simu ichukue nyuma ya kadi au kwenye taarifa ya akaunti. Usiitafute kwenye intaneti ukiwa na kiwewe, maana matapeli hulipia matangazo yenye namba za uongo za huduma kwa wateja ili zikae juu kabisa, na mtu mwenye haraka hupiga ile ya kwanza aliyoiona. Usipige pia namba iliyoandikwa ndani ya ujumbe wenyewe. Ujumbe wa "umelipa kiasi fulani, kama si wewe piga hapa" ni mtego wa siku nyingi: huenda hakuna hata senti iliyokatwa, na wizi unaanza pale unapopiga.

Ukimpata mhudumu, usianze na hadithi ndefu. Sema: "Kuna miamala kwenye kadi yangu inayoishia na tarakimu hizi nne. Sijaifanya mimi wala sijamruhusu mtu. Naomba kadi ifutwe sasa hivi na niandikiwe pingamizi." Kisha muulize kama kuna miamala mingine inayosubiri ambayo bado haijaonekana kwako. Muulize pia kama kadi yako imeingizwa kwenye pochi ya simu ya mtu. Swali hili wengi hulisahau. Mwizi mwenye namba ya kadi akifanikiwa kuisajili kwenye simu yake, simu hiyo hupewa namba mbadala, yaani tokeni, na ndiyo anayolipia. Taka mhudumu aangalie orodha ya tokeni za kadi yako na azifute zote usizozitambua. Muulize tena kama namba yako ya simu, barua pepe au anwani vimebadilishwa siku za karibuni, na kama kuna mpokeaji mpya wa fedha aliyeongezwa. Mwishowe omba namba ya kumbukumbu ya malalamiko, uandike na jina la mhudumu, tarehe na saa. Bila namba ya kumbukumbu, simu yako ni kama haikupigwa.

Mhudumu anaweza kukuambia muamala "bado unasubiri", kwa hiyo benki haiwezi kuupinga sasa. Mara nyingi ni kweli. Malipo ya kadi huenda hatua mbili: kwanza benki huidhinisha na kuzuia kiasi, halafu siku chache baadaye ndipo fedha hutoka hasa, na pingamizi rasmi husubiri hatua hii ya pili. Kusubiri huko hakuzuii malalamiko kuandikwa leo. Sisitiza yaandikwe.

Usidharau muamala mdogo mno. Mwizi aliyenunua namba nyingi za kadi hujaribu kila moja kwa kiasi kidogo aone ipi ingali hai. Ukikuta makato mawili madogo ya ajabu, ujue makubwa yanakuja.

Jambo moja kabla hujatia sahihi: hakikisha kweli si yenu. Jina linalotokea kwenye taarifa ya benki huwa la kampuni iliyosajiliwa, na linaweza lisifanane kabisa na jina la duka unalolijua. Waulize wa nyumbani, tazama huduma mlizojiunga nazo kwa majaribio ya bure. Ukipinga malipo na baadaye ikaonekana ni ya mtoto wako, benki itayatazama madai yako mengine kwa jicho jingine.

Kadi yenyewe usiitupe hadi benki iseme. Andika na mahali ulipokuwa saa ya kila muamala.

Walipataje namba zangu iwapo kadi haijatoka mfukoni?

Jibu liko kwenye aina ya wizi wenyewe, na inafaa ulijue kwa sababu litakuelekeza pa kuziba.

Kadi ya benki hubeba taarifa zake mahali patatu. Kuna zilizochapwa juu: namba ndefu, tarehe ya mwisho, na tarakimu tatu za nyuma. Kuna utepe wa sumaku. Kuna chipu. Utepe husema maneno yale yale kila ukisomwa, ndiyo maana hunakiliwa. Chipu hutengeneza msimbo mpya kwa kila malipo, hivyo kunakili ilichosema jana hakumsaidii mwizi leo. Tena utepe una tarakimu zake za usalama ambazo si zile tatu ulizochapiwa nyuma.

Kwa hiyo, kama fedha zimetolewa kwenye ATM, shuku utepe ulionakiliwa pamoja na namba ya siri iliyoonwa. Mtego wake huwekwa kwenye mashine: kidomo cha kuingizia kadi kimevalishwa kingine, ukikishika kinacheza, vibonye vimefunikwa na vibonye vingine, ukibonyeza vinahisi laini kupita kawaida na vimeinuka kidogo kuliko bamba la pembeni, au kuna tundu dogo la kamera juu ya vibonye, pengine ndani ya kijisanduku ambacho hakikuwapo. Kuziba vibonye kwa kiganja unapoandika kunamnyima mwizi wa kamera nusu ya anachohitaji. Vibonye vya bandia havizuiliki kwa kiganja, ndiyo maana unavitikisa kwanza.

Kama ni ununuzi wa mtandaoni, shuku taarifa zilizochapwa. Zinaweza kuwa zimetoka kwako mwenyewe kwa linki ya uongo, au kwenye tovuti halali iliyopenyezwa msimbo mbaya kwenye ukurasa wa malipo. Kanuni za usalama za sekta ya kadi zinamkataza mfanyabiashara kuhifadhi zile tarakimu tatu malipo yakishaidhinishwa, kwa hiyo wezi wamehamia kuzidaka pale pale unapoziandika.

Ipo na njia ya tatu, ambayo huwashangaza wengi: namba yako inaweza kuwa imekisiwa tu. Namba ya kadi haipangwi ovyo. Tarakimu 6 au 8 za mwanzo ni za benki iliyoitoa, na ya mwisho kabisa ni ya ukaguzi, hupatikana kwa hesabu. Chukua namba ya majaribio ambayo watengeneza programu huitumia kila siku: 4111 1111 1111 1111. Kuanzia kushoto, zidisha kwa mbili tarakimu ya kwanza, ya tatu, ya tano, hivyo hivyo hadi ya kumi na tano. (Jibu likizidi 9, toa 9.) Ile 4 inakuwa 8, na 1 saba zinakuwa 2 saba, yaani 14. Jumla 22. Ongeza zile 1 nane ulizoziruka: 30. Inagawanyika kwa 10, basi namba imekaa sawa. Kompyuta hutengeneza maelfu ya namba za namna hiyo kwa kufumba na kufumbua. Zile tarakimu tatu za nyuma nazo zina michanganyiko 1,000 tu, kuanzia 000 hadi 999, na mwizi akiigawa kazi hiyo kwenye tovuti nyingi, hakuna tovuti moja itakayoona majaribio mengi. Kwa hiyo usijilaumu kabla ya kujua. Wapo walioibiwa kwa kadi ambayo hawajawahi kuilipia mtandaoni hata siku moja.

Kinga ya kweli hapa ni kuzima malipo ya mtandaoni na ya nchi za nje kwenye programu ya benki wakati huyahitaji, kama benki yako inaruhusu, na kuwasha taarifa ya papo hapo kwa kila kiasi, hata kidogo.

Simu yangu ilipoteza mtandao ghafla mchana, ikaandika hakuna huduma. Jioni nikakuta akaunti tupu. Kuna uhusiano?

Upo, na ni wa moja kwa moja. Kuna uwezekano mkubwa laini yako ilihamishiwa kwenye kadi nyingine ya simu (SIM). Mtu amejifanya ni wewe mbele ya kampuni ya simu, akasema laini imepotea, akapewa mpya yenye namba yako. Tangu dakika ile, kila msimbo wa uthibitisho unaotumwa na benki unaingia kwake.

Hapa mpangilio wa hatua ndio unaookoa. Kwa simu ya mtu mwingine, piga benki kwanza, wazuie huduma za benki za kwenye simu na mtandao pamoja na kadi. Mara tu baada ya hapo, piga kampuni ya simu: taka laini iliyotolewa leo izimwe, uulize ilitolewa saa ngapi, kituo gani, kwa kitambulisho gani, na taarifa hiyo uipate kwa maandishi. Kama mpo wawili, mmoja apige benki na mwingine kampuni ya simu.

Kisha barua pepe. Watu huiacha mwisho, na hilo ndilo kosa linalowarudishia wezi ndani. Barua pepe ni ufunguo wa funguo: nenosiri la karibu kila huduma hubadilishwa kupitia kwake. Ukitumia kifaa unachokiamini, badilisha nenosiri, kisha bonyeza kutoa vifaa vyote vilivyoingia. Usifunge ukurasa bado. Fungua mipangilio utazame kama kuna amri ya kuhamishia barua zako kwenda anwani nyingine. Tazama vichujio: wezi huweka kichujio kinachotupa kwenye taka kila barua yenye jina la benki yako, ili usione onyo lolote. Tazama namba ya simu na anwani ya kurejeshea akaunti, kama ni zako. Tazama programu za nje zilizopewa ruhusa ya kusoma barua. Tumeona barua za wasomaji waliobadilisha nenosiri mara tatu na bado mwizi yumo, kwa sababu barua zilikuwa zikimfikia zenyewe kwa njia ya amri ile moja.

Ukirudishiwa laini, omba kampuni ya simu iweke neno la siri la akaunti au zuio la kuhamisha laini, kama inayo. Namba ya siri ya kadi ya simu, ile inayoulizwa ukiwasha simu, ni nzuri simu ikiibiwa, ila haizuii laini kuhamishwa. Na popote panapowezekana, acha kupokea misimbo kwa ujumbe wa simu. Tumia programu ya kuzalisha misimbo inayokaa ndani ya kifaa chako.

Mama yangu ana miaka 70. Alipigiwa na mtu aliyejiita wa benki, akamtajia namba sita zilizoingia kwenye simu, na akaambiwa aweke programu fulani "ya kusafisha". Anaona haya kwenda benki. Atarudishiwa?

Mpe mama pole, na mwambie hana sababu ya kuona haya. Waliompigia hufanya kazi hiyo kutwa nzima, wana maneno waliyoyapanga, na mara nyingi walikuwa na jina lake na tarakimu za kadi yake kabla hawajapiga.

Kwanza simu yake. Zima data na intaneti sasa hivi, kwa sababu programu aliyowekewa huenda ni ya kuendesha simu kwa mbali: aliye upande wa pili anaona skrini na anaweza kubonyeza. Ondoa programu hiyo, tazama na nyingine zenye ruhusa ya "ufikivu" (ile inayoiwezesha programu kusoma skrini na kubonyeza) ambazo hamkuziweka, na kama hamna uhakika, rudisha simu kwenye hali ya kiwandani. Lakini kabla ya kufuta chochote piga picha, kwa simu nyingine, ya orodha ya simu zilizoingia, jumbe na jina la programu. Huo ni ushahidi wenu. Maneno ya siri yabadilisheni kwenye kifaa kingine, si kwenye simu hiyo.

Kuhusu kurudishiwa, tuseme ukweli. Sheria za nchi nyingi hutofautisha malipo ambayo mteja hakuyaidhinisha na yale aliyoyafanya mwenyewe kwa kudanganywa. La kwanza lina kinga kubwa. La pili limekuwa gumu kwa miaka mingi, ingawa linabadilika: Uingereza, tangu tarehe 7 Oktoba 2024, kampuni za malipo zinalazimika kuwarudishia waliotapeliwa kwa uhamisho wa ndani ya nchi hiyo hadi pauni 85,000, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Kesi ya mama iko katikati. Alitaja msimbo, ila uhamisho wenyewe aliufanya mwizi, na hilo ndilo mlisimamie: hakuidhinisha malipo.

Mseme yote kama yalivyokuwa. Msifiche kwamba alitaja namba. Benki ina rekodi ya saa msimbo ulipotumwa na ulipotumika, na neno moja la uongo litaharibu madai mazima. Ombeni benki yake iwasiliane mara moja na benki iliyopokea fedha ili zizuiwe. Fedha za wizi hupitishwa kwenye akaunti za watu waliokodishwa na kutawanywa kwa dakika chache, kwa hiyo kwenda leo jioni ni bora kuliko kesho asubuhi. Akiogopa kwenda peke yake, nenda naye.

Benki imenijibu kwa mistari miwili: "Namba ya siri ilitumika, hivyo ni wewe." Ndiyo basi?

Siyo basi. Hilo ni dai, bado halijawa ushahidi. Sheria ya huduma za malipo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2015, kwa mfano, inasema wazi kwamba rekodi ya kifaa cha malipo kutumika peke yake si lazima itoshe kuthibitisha kuwa mteja aliidhinisha. Hata kama sheria ya kwenu haisemi hivyo, hoja ni hiyo hiyo: waonyeshe.

Andika barua, siyo simu. Taja kila muamala kwa mstari wake: tarehe, saa, kiasi, jina lilivyoandikwa kwenye taarifa, tarakimu nne za mwisho za kadi. Taja saa uliyogundua, saa uliyopiga, namba ya kumbukumbu. Ambatisha ushahidi wa mahali ulipokuwa, na nakala ya taarifa ya polisi kama unayo. Kisha uliza haya. Kama ni malipo ya mashine: ilisomwa chipu au utepe? Namba ya mashine ni ipi na ilikuwa wapi? Kuna picha za kamera? Ziombe zihifadhiwe leo, kwa sababu kamera nyingi hufutwa zenyewe baada ya muda. Kama ni mtandaoni: msimbo wa uthibitisho ulitumwa kwa namba gani, saa ngapi, kwa kifaa kipi? Kifaa hicho kilisajiliwa lini? Jibu la "utepe" kwa kadi yenye chipu, au kifaa kilichosajiliwa dakika kumi kabla ya fedha kuhama, hubadilisha kesi nzima.

Angalia sana muda. Chini ya kanuni za Visa na Mastercard, benki kwa kawaida ina siku 120 za kudai malipo ya ulaghai yarudishwe kutoka upande wa mfanyabiashara, na siku hizo zinahesabiwa kwako hata kama barua yako imelala mezani kwa mtu. Sheria nazo zina mipaka yake. Marekani, kwa kadi ya debiti iliyopotea au kuibwa, ukitoa taarifa ndani ya siku 2 za kazi tangu ujue, hasara yako haizidi dola 50. Ukichelewa, inaweza kufika 500. Na ukipitisha siku 60 tangu utumiwe taarifa ya akaunti yenye wizi huo, yanayofuata baadaye yanaweza kuwa yako yote. Kadi ya mkopo huko kikomo ni dola 50. Umoja wa Ulaya unatoa hadi miezi 13 kutoa taarifa, lakini pia unataka uitoe bila kuchelewa pindi unapojua. Kwenu kutakuwa na namba nyingine. Ziko kwenye masharti ya kadi, ukurasa wa dhima ya mteja. Usome leo.

Benki ikishikilia msimamo, omba jibu la mwisho kwa maandishi. Barua hiyo ndiyo tiketi ya kupeleka shauri kwa benki kuu, msuluhishi wa huduma za fedha au mamlaka ya kulinda walaji, na ofisi hizo mara nyingi hazikupokei bila hiyo.

Nimepigiwa na wakusanya madeni. Wanasema nilikopa miezi minane iliyopita. Sijakopa. Wananiambia nilipe kidogo tu ili wasimamishe riba. Nilipe?

Usilipe hata senti moja. Malipo kidogo, au hata ahadi ya maandishi, yanaweza kuchukuliwa kuwa umelikubali deni. Usiwatajie pia namba ya kitambulisho "kwa uhakiki". Huenda nao ni matapeli. Chukua jina la mkopeshaji, tafuta mawasiliano yake mwenyewe, uwasiliane naye moja kwa moja.

Wizi wa utambulisho ni tofauti na wa kadi. Kadi ukiifuta imekwisha. Jina lako, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho havifutiki, kwa hiyo unachokifanya ni kuwafungia njia na kujenga jalada la maandishi.

Toa taarifa polisi, upate nakala au namba ya jalada. Mwandikie mkopeshaji kwamba mkopo si wako, na umtake akupe nakala ya maombi yote: fomu, picha ya kitambulisho kilichotumika, sahihi, namba ya simu, akaunti iliyopokea fedha, anwani. Karatasi hizo ndizo zitakazokutoa. Mara nyingi picha si yako, sahihi haifanani, au simu hujawahi kuimiliki. Sema pia unataka deni lisimamishwe kukusanywa wakati wa uchunguzi, na likithibitika si lako, upewe barua ya kukuondolea deni. Barua hiyo itunze miaka na miaka, sababu deni la uongo huuzwa kutoka kampuni moja hadi nyingine, na miaka mitatu baadaye atapiga mtu mwingine kabisa.

Hapo hapo, omba taarifa yako ya mikopo kwenye kila kampuni ya taarifa za mikopo inayofanya kazi kwenu, maana mkopeshaji mmoja huenda anaripoti kwa moja tu. Soma kila mstari: mikopo, na pia maombi yaliyokataliwa, ambayo yanaonyesha mwizi alikojaribu. Kosa lililomo lipinge kwa maandishi kwa kampuni hiyo na kwa mkopeshaji, wote wawili. Uliza kama kuna huduma ya kufungia rekodi, ili mkopeshaji mpya asiweze kuisoma bila wewe kuifungua. Marekani huduma hiyo ni bure tangu Septemba 2018, kwa kampuni zote tatu kubwa, na kila moja lazima uiombe peke yake. Pasipo na huduma hiyo, omba alama ya tahadhari.

Angalia pia laini za simu zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na uzikane usizozijua. Kama kitambulisho kilipotea, ile tarehe uliyotoa taarifa ya upotevu ni ngao: kila mkopo uliochukuliwa baada ya hapo unaweza kuupinga kwa karatasi hiyo. Ndiyo maana kitambulisho kikipotea unaripoti siku hiyo hiyo, hata kama unatumaini kitaonekana.

Kuna mtu mtandaoni amesema anaweza kuzirudisha fedha zangu zote kwa ada ndogo ya mwanzo.

Hapana. Huyo ni mwizi wa pili, na pengine ndiye yule wa kwanza. Orodha za waliotapeliwa huuzwa. Benki haitozi ada ya kupokea pingamizi lako, na polisi hawaombi malipo kwa ujumbe.

Nimepewa kadi mpya, lakini kampuni moja bado inanikata kila mwezi. Inawezekanaje?

Mitandao ya kadi ina huduma ya kusasisha namba: kadi ikibadilishwa, wafanyabiashara wenye malipo ya kujirudia wanaweza kupelekewa namba mpya ili huduma zako halali zisikatike. Hapo na ile isiyo halali hupita. Iambie benki imzuie mfanyabiashara huyo kwa jina na iondoe kadi yako kwenye huduma hiyo, na umwandikie mfanyabiashara mwenyewe kufuta kibali. Hifadhi picha ya skrini ya barua hiyo.

Nikitakiwa kutuma nakala ya kitambulisho, nifanyeje isije ikatumika kwingine?

Andika kwa kalamu juu ya nakala, mistari ikipita katikati ya picha na maandishi bila kuvifunika: "Nakala kwa ajili ya" jina la kampuni, kazi yenyewe, na tarehe. Halafu ndipo uipige picha. Kama wanahitaji jina na sura tu, uliza kama unaweza kuziba namba. Usitume picha yako ukiwa umekishika kitambulisho kwa mtu uliyekutana naye kwenye mazungumzo ya simu. Picha ya namna hiyo ndiyo wakopeshaji wengi wa mtandaoni huitaka ili kutoa mkopo. Ukishaituma mahali halali, ifute kwenye jumbe zilizotumwa na kwenye hifadhi ya picha ya simu, pamoja na ile sehemu ya vilivyofutwa, ambako mara nyingi hukaa siku 30 kabla ya kuondoka.